Hyasinta Apasuliwe Hukohuko

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
11 Juni, 2024.

Mpendwa Baba Mkubwa Kasmir,

Shikamoo. Natumaini barua hii niliyomkabidhi kondakta wa basi itakukuta mzima, na goti lako limetulia. Mama Mkubwa hajambo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka. Ningepiga simu, lakini najua Baba Mdogo Tarsis amekwisha kuniwahi, na sauti yake ni kubwa kuliko yangu.

Jumapili aliitisha kikao cha ukoo dukani kwake, katikati ya marobota ya vitenge. Kikaamua kwamba mwanao Hyasinta asipasuliwe pafu katika hospitali ya huko, bali asubiri kitanda hapa jijini. "Hospitali ya porini ipasue kifua cha mtoto wetu? Wale wamezoea kuzalisha!" alisema, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Tangu lini mdogo akamwamulia kaka yake kwa sababu ana duka?

Tuutazame ukweli, Baba Mkubwa. Hyasinta amemaliza dozi nzima ya kifua kikuu mara mbili, kwa ugonjwa asiokuwa nao, huku akizidi kukohoa damu. Ni hospitali hiyohiyo inayodharauliwa iliyotilia shaka, ikamwalika bingwa wa upasuaji wa kifua, naye akauona uvimbe: wa nadra, unaokua polepole, na ambao ukiondolewa mapema mgonjwa aweza kupona kabisa. Bingwa huyo anaondoka mwisho wa mwezi. Baada yake, nani atakuja, na lini?

Sisemi hakuna hatari. Umeme hukatika na oksijeni ni ya kubahatisha. Hilo linanikera kuliko kikao chenyewe: Kariakoo maghorofa yanaota kila kukicha, na mkulima bado anauliziwa jenereta kabla ya kufunguliwa kifua! Lakini daktari ameahidi hatashika kisu mpaka jenereta lijaribiwe na damu ya akiba ipatikane.

Nilipouliza ni nani kati ya waheshimiwa wale atakwenda kuchangia damu, kila mmoja akaanza kupapasa vitenge.

"Nikitoa damu, marobota nitabeba kwa nguvu gani?" akasema Baba Mdogo, ambaye hajabeba robota tangu nizaliwe. "Binti, chuo cha sheria kimekuharibu."

Abdulrazak, jirani yetu muuza viatu, akachungulia mlangoni. "Mimi si ndugu, ila damu ninayo. Tunaondoka lini, mwanasheria?"

Na Hyasinta, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, hakuna aliyemuuliza! Nilimpigia jana. "Dada, mnanijadili kama kontena lililokwama bandarini," akaniambia, kikohozi kikimkatiza. "Mimi nimeshakubali. Ninachoogopa ni baba kukataa."

Haogopi kisu, Baba Mkubwa. Anakuogopa wewe. Nakusihi, mwambie leo kwamba umeridhia. Usingoje idhini ya Kariakoo. Mimi na Abdulrazak tutafika Ijumaa.

Nisalimie mdogo wetu Augustino na jirani yenu Mwanamkuu. Mungu aiongoze mikono ya daktari na awape nyote utulivu. Mama Mkubwa Winifrida mpe shikamoo yangu, na umsisitizie: asubuhi ya upasuaji asimpe Hyasinta uji, hata kijiko kimoja, hata akimwonea huruma.

Mwanao akupendaye hata anapogomba,
Jacqueline