Sindano Iliyoanguka

Jumanne, saa nne asubuhi. Mvua imekatika, matope yamefika hadi mlangoni, na jua limetoka utadhani hakuna lililotokea. Kahawa ya barazani naisikia harufu hadi hapa. Siendi.

Nianze na sifa, maana nikianza na aibu sitafika mwisho. Bagamoyo nzima, gari la spoti jekundu, milango miwili, ni langu peke yangu. Nimefika Durban, nimefika Jebel Ali, Yokohama nimekula wali kwa vijiti. Watu huniita Kapteni. Melini nilikuwa mpishi, lakini nani ataenda kuuliza?

Wiki tatu nyuma magurudumu ya mbele yalianza kuvuma. Beringi zimekwisha. Fundi wangu ni Kombo, rafiki yangu tangu tukiwa watoto, tukivunja beringi chakavu kutafuta gololi za kuchezea. Akaniambia niende Dar nikanunue nyingine, na nibebe ya zamani dukani waifananishe.

Sikubeba. Nilibeba mdomo wangu. Nikarudi na tatu, moja ya akiba, maana gari kama langu halikosi akiba.

Kombo akachomoa sindano kwenye kofia yake. Akaigusisha ubavuni mwa beringi ya zamani, ikanasa. Akaigusisha kwenye mpya, ikaanguka.

“Kapteni, hizi siyo. Za gari lako zina sumaku. Kompyuta inaisoma hiyo sumaku, ndiyo inayozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki.”

“Wewe Kombo, unashona kanzu au unatengeneza gari? Zinaingia, haziingii?”

“Kuingia zinaingia.”

“Basi funga, bwana.”

Akafunga, huku anatikisa kichwa. Nilipowasha gari, taa ya ABS, ile ya breki hizo, ikawaka njano mbele ya macho yangu. Nikabandika juu yake stika ya Mashallah.

Jumamosi nilikuwa namrudisha binti yangu Zulfa kwake Bunju, ana mimba ya miezi saba. Tulipofika Mapinga, mvua ikimwagika, ng'ombe akakatiza barabara. Nikakanyaga breki. Tairi zikajifunga, gari likateleza kama sabuni hadi mtaroni. Zulfa hakuumia, na daktari kasema mtoto anacheza kama kawaida. Alhamdulillahi. Lakini ule ukelele wake bado niko nao.

Ningetubu pale pale, ningekuwa mtu. Mimi Jumapili asubuhi nikaenda barazani, pamejaa watu, nikamnyooshea Kombo kidole. Nikasema ni muuaji. Nikasema macho yamemwishia, akazibe pancha za baiskeli.

Hakusema hata “nilikuambia.” Alikifunika kikombe chake, akaondoka.

Jana nimepita gereji kwake. Magari mawili yaliyokuwa yakisubiri zamu yameshaondolewa na wenyewe. Kombo amekaa juu ya tairi, anafuta spana ambayo ni safi.

Leo nimechukua sindano ya mke wangu na ile beringi ya akiba. Nikaigusisha, sindano ikaanguka. Nikarudia mara saba, kama vile sumaku itanionea huruma.

Na huo nao ni usanii tu. Nilijua tangu siku ile. Mtu asiyejua habandiki stika.

Mke wangu ananishauri niende kwa Kombo kimyakimya, nimwombe radhi, yaishe. Hayaishi hivyo. Nimemharibia jina mbele ya watu, halafu nikamwombe radhi chumbani, tumefungiana mlango?

Alasiri watu wakishakaa, nitaweka beringi mbili juu ya sinia la kahawa, ya zamani na mpya, nimpe sindano yeyote anayetaka ajaribu. Kisha nitasema nani alizinunua, nani aliambiwa, na nani alibandika stika. Wacheke. Na wakiniita Kapteni, nitawaambia nilikuwa mpishi.

Kombo hilo la upishi analijua miaka yote. Hajawahi kumwambia mtu.