Nani Alitangulia, Mimi au Mustang?

Jumatatu, 7 Julai 2025
Jumamosi wanaleta mahari ya Gracieuse, binti wa marehemu kaka yangu. Mkubwa wa familia ndiye anamnyunyizia bibi harusi maji ya baraka. Na mkubwa ni nani hapa Durban? Mimi! Binamu yangu Pontien nimemzidi miaka miwili. Alikulia Uvira, tumekutana huku tukiwa watu wazima tayari. Nimempigia alete viti kutoka Sydenham. Ndiyo, yaya, amesema; kwetu yaya ni kaka mkubwa. Jirani yangu Jecha, Mtanzania, anacheka, eti kwao yaya analea watoto. Sawa — mimi nalea Pontien.

Jumanne, 8 Julai
Nimeenda kwa Cédric, duka la simu, anitafutie picha ya gari ya kuchapa kwenye T-shirt ya sherehe. Ford Mustang! Baba alikuwa anaosha magari ya Mgriki mmoja Bukavu. Siku Mustang ya Mgriki inashushwa kwenye lori, mama akanizaa. Ndiyo maana naitwa Mastangi. Padri alikataa kabisa kubatiza jina hilo.
Cédric akasoma kwenye simu. Mifupa ni ya gari ndogo ya familia, juu wameivalisha suti ya mwanamichezo. Kama mimi! Siku ya kwanza wameuza elfu ishirini na mbili. Mimi siku ya kwanza hata mkunga alisitasita. Miaka miwili haijaisha — milioni.
Tukacheka. Kisha akaniuliza nimezaliwa lini. 1961. Akanigeuzia simu. Ile gari watu wameiona mara ya kwanza Aprili 1964.
Eish.

Jumatano, 9 Julai
Sielewi. Simu inadanganya? Baba alidanganya? Mgriki alikuwa na gari ingine?
Ile 1961 nilimpa mimi mwenyewe mtu wa makaratasi. Baba alisema nimezaliwa kidogo baada ya uhuru wa 1960. Kidogo ni ngapi? Nikaweka mwaka mmoja, nikaona unatosha.
Pontien iko na cheti cha ubatizo. 1963. Mustang ni 1964, kwa hiyo yaya ni yeye! Na mimi namtuma mkate miaka ishirini.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemuuliza Mama Spès, yule msusi, anajua desturi zote. Mdogo akibariki na mkubwa yuko pale, inakuwaje? Akaacha kusuka. Ndoa haikai, akasema, na mimba haishiki. Nikasema naulizia rafiki. Akasema huyo rafiki aache ujinga.
Siamini mambo hayo. Siamini kabisa.
Lakini ni Gracieuse.

Ijumaa, 11 Julai
T-shirt imekuja. Yule farasi wa nembo ya Mustang ananitazama vibaya.

Jumamosi, 12 Julai
Niko kwenye ngazi, nimesema naenda kupunga hewa. Wakwe wamejaa ndani, Gracieuse amepiga magoti tayari. Pontien amenifuata na glasi ya maji, ameketi hapa pembeni. Nimemwambia yote. Gari, 1964, karatasi. Hakushtuka.
"Yaya, mimi ni fundi wa magari. Nimejua toka siku ulinieleza jina lako."
Miaka ishirini! Nimemuuliza kwa nini alinyamaza.
"Ulikuwa unafurahi sana."
Nimeandika tu, yeye anatazama ukuta. Nimemwambia aingie yeye na maji yake. Amenisukumia glasi. Nimeirudisha. Ameisukuma tena, imemwagika kidogo kwenye kiatu changu.
Ndani wanaita mkubwa wa familia. Mara ya pili sasa.
Kati yetu wawili hakuna aliyesimama.