Cherehani Niliyokutumia

Dada yangu wa moyoni,

Shikamoo. U mzima? Na goti lako sasa linakuruhusu kupanda ngazi, au bado mnanuniana? Binti yako je, angali anazipita nguo zake kabla hazijachakaa? Sisi huku ni wazima, na safari hii nasema wazima bila kudanganya. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mahali penyewe. Hebu utazame mwandiko kwanza. Ni wa mkono wa kulia.

Unajua habari za mkono huu tangu mlango wa chuma wa duka ulipouangukia. Mfupa uliunga, plasta ikatolewa, lakini maumivu yakabaki, na badala ya kupungua yakapanda. Hata upepo wa feni ulinichoma. Nilikata mkono wa kulia wa kila gauni nililonalo, mimi niliyekuwa nikigombana na wanagenzi kwa pindo lililopinda kidogo. Daktari wa kwanza alisema picha haionyeshi kitu. Wa pili aliniuliza kama nyumbani kuna amani, nikamjibu kwamba ilikuwepo mpaka alipouliza. Shemeji yako, maskini, alijizoeza kutembea kushoto kwangu na kulala upande huohuo. Miaka miwili hakuugusa mkono wangu wa kulia. Nami uliyenipachika jina la Kasuku kwa domo langu nikawa mtu wa ndiyo na hapana tu.

Halafu tukapelekwa kwa daktari wa maumivu, mama mmoja mfupi anayeongea taratibu. Alituambia kuna dawa iitwayo ketamini. Ni dawa ya nusukaputi, ya chumba cha upasuaji, ila yeye huitoa kidogo kidogo kwa dripu na mgonjwa hapotezi fahamu. Alieleza kwamba neva zangu zimezoea kupiga kelele hata pasipo na jambo, na huenda dawa hiyo ikazituliza. Alilikazia sana hilo neno huenda. Alisema wapo inaowafaa na wapo isiowafaa, na nafuu yenyewe yaweza kudumu wiki chache tu. Akaongeza kwamba kuna madaktari wanaoitumia pia kwa watu waliolemewa na huzuni nzito. Aliposema hilo la huzuni nilitazama viatu vyangu.

Chumba chenyewe kina kiti cha kulalia, pazia la kijani na mashine inayohesabu mapigo ya moyo. Muuguzi alichoma sindano ya dripu mkono wa kushoto, na kwa kuwa wa kulia haugusiki, kipimo cha presha akakifunga mguuni. Baada ya muda mfupi midomo ikafa ganzi. Kisha, dada, sijui hata nianzie wapi. Dari ilisogea juu, ikazidi kusogea, na weupe wake ukawa unakunjuka kama jora la kitambaa lisilokwisha. Maumivu niliyasikia yako mbali, kama redio ya jirani, halafu mtu akaizima. Nilijiona mdogo mno na wala sikuogopa. Machozi yalinitoka kwa mshangao, maana nilikuwa nimesahau kwamba mwili unaweza kukaa kimya. Baadaye muuguzi alinieleza kwamba kila kipimo kilipojaa hewa nilimkaripia kuwa suruali imebana shavu la mguu, aachie vidole viwili. Alisema hajawahi kukosolewa kwa nguo asiyoishona.

Siku ya kwanza maumivu yalirudi kabla hatujafika nyumbani. Mara ya pili yalichelewa hadi kesho yake. Mara ya tatu shemeji yako alikuja kunichukua moja kwa moja kutoka kazini, rangi za kuta za watu zikiwa bado kwenye kucha, kwa sababu mgonjwa haruhusiwi kuondoka peke yake. Niliposhuka kitini niliyumba, naye kwa haraka akanidaka mkono wa kulia. Alipotambua alichofanya aliganda, akaanza kuniomba radhi na kutaka kuachia. Nikamwambia asiachie. Nilisikia joto la kiganja chake, nikasikia ukavu wake na vipande vya rangi vilivyokauka, na basi, hakukuwa na kingine. Tulisimama tukiutazama mkono huo kama watu waliookota kitu wasichojua ni cha nani. Muuguzi alikwenda dirishani akajifanya ananyoosha pazia.

Ni wiki tano sasa. Zipo siku maumivu hupiga hodi, na mwezi ujao nitarudi kwenye dripu. Lakini leo nimevaa gauni lenye mikono miwili.

Sasa nifike pale ninapopazunguka. Ile cherehani niliyokutumia mwaka jana, pamoja na mkasi na futi, nikasema ni zawadi ya binti yako, haikuwa zawadi. Nilikuwa nagawa vitu vyangu. Nilikuwa nimeamua kujitoa uhai, na nilitaka cherehani ibaki kwako. Siku niliyoipanga ilipofika, ulinipigia asubuhi kuuliza uzi unapitishwa wapi. Nilikuelekeza karibu saa nzima, maana wewe dada yangu na kushona ni mbalimbali kabisa. Nilipomaliza nilikuwa hoi, nikajiambia kesho. Kesho ukapiga tena, uzi wa chini umegoma. Keshokutwa mshono unaruka. Nilikukasirikia, kisha nikaanza kuingojea simu yako. Tulikwenda hivyo miezi minne, siku baada ya siku, mpaka nikafika kwa yule daktari. Hukujua ulichokuwa umekishikilia. Daktari anajua, shemeji yako anajua, na kila wiki nazungumza na mshauri pale hospitali. Ulikuwa umebaki wewe. Nisamehe kwa kukuficha.

Nina ombi moja: nirudishie cherehani yangu. Binti yako asinune, nitamshonea mwenyewe hadi achoke kuvaa. Msalimie sana, na wote wa hapo nyumbani. Ila usiitengeneze wala usiifute vumbi. Huo uzi uache ulivyoupitisha wewe, hata kama umepita pasipostahili. Nataka niuchomoe mwenyewe, kwa mkono huu.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku