Wakifungwa Tunafungasha, Wakishinda Pia

Pruitt Falls, Nebraska
Jumamosi, 9 Machi

Kwako Shangazi Verna, mpendwa wangu,

Josie amemfungasha paka wa jirani. Ni sasa hivi tu, nilipokuwa natafuta kalamu. Amevuta boksi moja kati ya yale ninayoyaweka nyuma ya kabati, akalikunjua mwenyewe, akatandika blanketi lake, akamlaza Otto ndani pamoja na mswaki na kiatu kimoja. Nimemkuta anahangaika na selotepu. Nikamuuliza, unafanya nini, mwanangu? Akanijibu, "Tunahama. Otto amekubali."

Otto mwenyewe alishalala. Selotepu nimeinyang'anya, boksi liko wazi hapa miguuni pangu.

Nisamehe nimetanguliza paka kabla ya salamu. Hujambo, Shangazi? Mgongo umepoa, au kile kiwanda cha samaki bado kinakusimamisha kutwa? Bibi Oleta anakula? Sisi hatujambo. Mimi nimechoka tu, uchovu wa Machi unaoujua, wa kuamka ukiwa umechoka kuliko ulipolala. Theluji inayeyuka, viatu vyote vina tope, na korongo wametua mtoni kwa maelfu. Kelele zao zinafika mpaka jikoni.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimecheka peke yangu. Unataka utabiri wangu kwa maandishi, na saa niiandike, eti kwa sababu mwaka jana nilikudanganya kwa simu ukajaza vibaya karatasi yako ya kutabiri washindi, na kiwanda kizima kikakucheka. Mimi nilisema "labda", Shangazi. Wewe neno labda hulisikiagi. Najua hii itakufika karatasi umeshaijaza, lakini umetaka ushahidi, basi utaupata.

Korongo wetu, timu ya chuo ya mpira wa kikapu, ambao mwezi wa Januari hata mama zao hawakuwa na imani nao, wameshinda Alhamisi na wameshinda jana. Leo ni fainali ya kanda. Imeanza saa saba mchana, na inachezwa mbali, mwendo wa saa nne kwa basi. Akishinda mtu anaingia mashindano ya taifa. Akifungwa anarudi nyumbani na msimu umekwisha.

Sasa nikueleze kinachoninyima raha, maana wengine hapa siwezi kuwaambia. Mume wangu Colby ndiye mkata video wa timu, anayemwonyesha kocha wapinzani wanavyocheza, na kibarua chake kinakwenda na kocha. Kocha akifukuzwa, na sisi tumefukuzwa. Ndivyo ilivyokuwa Ohio, ndivyo ilivyokuwa Kansas. Timu ikifungwa, sisi tunafungasha. Lakini kocha wa chuo kidogo akiingia mashindano ya taifa, vyuo vikubwa vinaanza kumpigia simu, na akiondoka anaondoka na watu wake. Kwa hiyo wakishinda leo, tunafungasha pia. Mechi mbili zilitosha kumwokoa kocha. Ya tatu ndiyo itakayotuhamisha.

Na mimi sitaki kuhama, Shangazi. Unakumbuka Josie alivyofikisha miaka mitatu bila kusema neno la kueleweka? Hapa chini yetu anakaa Bi. Ardith, mwalimu mstaafu. Amemkalisha mtoto jikoni kwake kila asubuhi, anamwekea kimkate cha plamu, anazungumza naye kama mtu mzima, wala hamlazimishi kujibu. Siku moja nimeshuka kumchukua nikasikia sauti. Alikuwa anamsimulia Otto habari za mvua. Nilikaa kwenye ngazi nikalia mpaka Bi. Ardith akatoka akaniambia, "Kalie kwako, binti, utamkatiza."

Asubuhi Colby alipiga simu kutoka hotelini, mimi namlisha Josie uji. Sauti imemkauka, siku tatu hajalala vizuri.

"Wapinzani wako wazi upande wa kushoto, Kay," akasema. "Wanachelewa kurudi. Nimemwonyesha kocha mpaka amenifukuza chumbani."

Nikasema vizuri. Halafu akaniuliza, "Wewe unataka tushinde?"

Jibu lake neno moja tu. Mimi nikakitazama kijiko.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

"Sijasema kitu, Colby."

"Ndicho nilichosikia."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Tangu hapo nimedeki jiko mara mbili, na redio nimekataa kuiwasha. Haijasaidia, maana Bi. Ardith kaiwasha yake na ananitangazia kwa kugonga dari na ufagio. Mapumziko alipiga mara mbili: tuko nyuma kwa pointi mbili. Kisha akapaza sauti ngazini, "Hawa watoto wanarusha mpira kama wanatupa taka." Yeye ndiye shabiki wao mkubwa kuliko wote.

Utabiri wenyewe ni huu. Watu wa gazeti wanasema hatuna nafasi kwa sababu wachezaji wetu ni wafupi na wa akiba ni wawili tu wa maana. Ni kweli. Lakini hao wa gazeti hawajakaa msimu mzima wakikunja nguo nyuma ya Colby huku video zikirudi nyuma, zikienda mbele. Wapinzani wetu wakichoka wanashika watu mikono, nao watamshika Wendell, yule kijana wetu mrefu anayemaliza chuo mwaka huu. Akipewa mitupo miwili huru ya adhabu, hukosa wa kwanza, hutia wa pili. Colby anasema ni bahati. Mimi nasema ni pumzi, ule wa kwanza anautupa bado anahema. Kwa hiyo mechi ikibanana mwishoni, tunashinda kwa pointi moja.

Nimeandika hayo nikaiweka kalamu chini, maana kichwa kinasema hivyo na moyo ulikuwa unaomba vingine. Nimemtazama Josie. Amekaa kando ya boksi anamwambia Otto kwamba huko tuendako kutakuwa na dirisha. Hajui kama tunakwenda popote, lakini dirisha keshalipanga. Nikafikiri, maneno ya mtoto yameshatoka, Shangazi, hayatarudi ndani kwa sababu ya lori la mizigo. Bi. Ardith atatuandikia, mimi nitamsomea Josie. Wendell hana mwaka mwingine. Na Colby amewakatia wenzake video miaka minane hajawahi kuingia mashindano ya taifa hata mara moja. Basi na washinde.

Naweka salamu za mwisho hapa hapa, kwa sababu nikizingoja zitanipita. Msalimie Bibi Oleta, mwambie shali yake Josie halali bila hiyo. Msalimie binamu Lyle na mkewe Corinne, na mtoto wao mpya ambaye bado sijamwona. Mungu akutunze mgongo huo, akujaalie siku kavu za kuanika. Ni mimi uliyenilea na ninayekupenda, Kaylin.

Na sasa ushahidi wako. Ni saa tisa kasoro dakika tano. Bi. Ardith hagongi tena dari, amekuja mwenyewe chini ya ngazi. "Ziko sawa, Kaylin, sitini na nane kwa sitini na nane, sekunde nne, Wendell yuko mstarini na mitupo miwili. Na paka wangu nani kamchukua?" Josie amemjibu, sentensi nzima, "Otto yuko kwangu na amelala, usipige kelele."

Andika Korongo, Shangazi. Kwa pointi moja. Andika kwa kalamu ya wino.

Wa kwanza amekosa. Nimesikia Bi. Ardith akiguna. Ananiita tena, "Acha hiyo barua, shuka," na Josie ameshafika mlangoni analikokota boksi, basi nashuka, na mechi ikiisha, huo wa pili uingie usiingie, nampigia Colby nimwambie kwamba asubuhi ile neno nililotaka kusema ni