Kiapo Nilichompa Bi Verlene

Montgomery, Alabama
12 Novemba 1996

Kwako dada yangu Odessa,

Salamu zangu zikufikie wewe na wote walio chini ya dari yako. Natumaini goti limekuruhusu kupanda ngazi za kanisa bila mkongojo, na kwamba shemeji bado anagombana na jirani kwa sababu ya mpira. Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma.

Nimepokea karatasi ya kumwombea Corliss Mabry msamaha wa Rais, pamoja na pai ya viazi vitamu aliyooka mama yake. Umeniandikia, "Mdogo wangu, jina lako liwe juu kabisa. Akisaini Mwalimu Pettway, hata hao wa Washington watakaa wima." Pai iko mezani tangu Jumatatu. Sijaikata.

Wewe unaijua kesi ile kwa machozi ya mama yake. Mimi naijua kwa ushahidi. Corliss, binti wa miaka ishirini na mitatu, mwosha nywele wa saluni, alimwendesha mpenzi wake hadi kwenye maegesho ya duka. Katika mkoba wa mwanamume yule mlikuwa na kokeini. Sheria ikaupima mkoba, mizani ikasoma miaka kumi, isipungue hata siku. Binti mwenyewe hakupimwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuuliza kama amewahi kukosa, wala nani atawalea mapacha wake. Mpenzi wake alikuwa na majina ya wenziwe ya kuwapa waendesha mashtaka, akapata miaka minne. Corliss hakuwa na jina la kutoa, kwa kuwa hakujua lolote. Hiyo ndiyo haki yetu, dada: aliyezama katika uovu hupunguziwa, aliyesimama ukingoni hulipa yote.

Jaji alivua miwani, akasema kwamba kalamu anayo yeye lakini Bunge limekwisha kuandika. Nimefundisha miaka thelathini na minane; sikuwahi kumpa mwanafunzi alama kabla ya kusoma karatasi yake. Wanaosema kifungo kimoja kwa wote ndio usawa, na wavishwe wote kiatu cha namba ileile, kisha watembee.

Utajiuliza nimeyajuaje haya. Wakumbuka nilipokosa mazishi ya Mjomba Cleophus, nikakwambia nimeitwa mahakamani kwa kesi ndogo isiyo na maana? Kesi ilikuwa hiyo. Nilikuwa mmoja wa raia kumi na wawili walioapishwa kuamua kama Corliss ana hatia, na wenzangu walinichagua niwe kiongozi wao.

Kumi na mmoja tulikubaliana mapema kwamba ana hatia, lakini sheria inataka wote kumi na wawili wakubaliane. Bi Verlene Tubbs, mpishi wa shule, alikataa. Alisema, "Huyu mtoto alikuwa dereva wa mapenzi tu. Mimi mwenyewe nimeendesha wajinga wangapi!" Tulicheka, yeye hakucheka. Aliomba tumwandikie jaji kuuliza ni miaka mingapi. Jibu likarudi kwamba adhabu si kazi yetu. Ndipo aliponigeukia: "Mwalimu, wewe umesoma. Unaniapia huyu binti atarudi kwake?"

Sikujua, Odessa. Sikuwa na habari kwamba sheria ile ipo. Lakini sijazoea kusema sijui mbele za watu. Nikamwambia kwamba jaji ni mtu mzima mwenye huruma, atawatazama wale mapacha na kumrudisha nyumbani. Nikamwapia. Akainua mkono kukubaliana nasi, akilia, nami nikatoka kwenda kutamka kwa sauti yangu ya darasani kwamba Corliss ana hatia.

Siku jaji alipotamka miaka kumi, Bi Verlene alikuwa ameketi nyuma yangu. Alisema neno moja tu, "Mwalimu." Tangu hapo hanisalimii.

Karatasi nairudisha. Jina la Bi Verlene liko juu. Nilikwenda kwake, akasaini kupitia dirisha bila kunifungulia mlango. Langu liko chini kabisa, na palipoulizwa cheo sikuandika mwalimu. Nimeandika: niliyemtia hatiani.

Jumapili, tafadhali, simama uisome barua hii mbele ya kanisa zima, mama yake Corliss akiwepo. Baada ya hapo, kama bado atataka niile pai yake, aniambie yeye mwenyewe.

Msalimie shemeji, na watoto wote mmoja mmoja kwa jina. Mungu akulindie goti lako.

Ni mimi mdogo wako,
Ellsworth Pettway