Samadi ya Mama Bhoke

Alhamisi, Robanda

Eti bakteria wa mstari wa nne ndio bora! Daktari wetu wa utafiti alibana majani ya mahindi kwa kile kimashine kinachopima mwanga unaotolewa na jani, akashangilia kama aliyeleta mvua mwenyewe. Namba ni nzuri, anasema, kwa hiyo bakteria tuliopaka kwenye mbegu wanafanya kazi mizizini.

Mwenye shamba, Mama Bhoke, alinivuta pembeni. "Mwanangu, mstari ule ulidumaa. Ningewaonyeshaje wageni aibu ile? Nimeumwagia maji ya samadi wiki tatu."

Nikamwambia Daktari. Akacheka. "Huyo mama anajua nini kuhusu bakteria?"

Msomi mzima, pua anayo, na harufu ile ilijaa shamba zima!

Tulipoaga, Mama Bhoke alimuuliza kwa adabu kama sasa aache samadi, maana bakteria wanatosha.

"Acha kabisa," akajibu.

Mama akaitikia kwa kichwa. Nami, hodari wa kudharau wasomi humu daftarini, nilikuwa nimeshika fomu ya matokeo. Nikaandika: mstari wa nne, bora.