Mguu wa Meza ya Gavana

Mpendwa mama,

Kwa niaba ya ukoo mzima, na kwa masikitiko yanayostahili, nakutangazia kwamba meza ya gavana imeondoka Isansa leo asubuhi ikiwa na miguu mitatu. Taarifa rasmi ya familia inasema mguu wa nne umeliwa na mchwa. Msemaji wa familia ni mimi, na unanijua.

Meza ile ndefu, ya kuandikia kwa kusimama, ilichongwa kwa ajili ya jumba la gavana Mjerumani kule pwani, karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni. Baadaye ikamfikia mzungu wa shamba la kahawa, naye alipohama akamwachia babu. Wewe hukuipa heshima yoyote ya ikulu. Uliitumia kuchambulia kahawa, na kwenye mguu mmoja ukatupima sisi wanao kwa ncha ya kisu. "Shusha visigino, kimo hakiibiwi," uliniambia. Kaka Yohana akaipita meza. Nami, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, nikaipita. Mdogo wetu Sekela hakuipita. Baada ya kumzika uliigeuza meza, mguu ule ukaelekea ukutani, na hakuna aliyelitaja tena jina lake nyumbani, hata baada ya wewe kututoka.

Wiki iliyopita alikuja mnunuzi kutoka Tunduma. Kaka akampa neno kwamba atamuuzia meza. Mnunuzi akapitisha kidole kwenye alama zako. "Uchafu huu usikutie shaka, mzee. Miguu yote naipiga msasa, inarudi kama siku ilipoingia ikulu."

Nilimtazama kaka. Kaka alitazama mlango. Nikafungua kinywa, nikamuuliza bosi kama angependa chai.

Leo amerudi na kirikuu, kigari cha mizigo, akaikuta meza imeegemea makreti ya soda yaliyopandana.

"Mguu uko wapi?"

"Mchwa, bosi," nikasema.

Akapiga goti, akamulika kwa tochi pale ulipokatika. Alimulika muda ambao wewe ungemaliza kuchambua debe zima la kahawa.

"Mchwa wa huku wanatumia msumeno?"

Nilikuwa na vumbi la mbao kwenye ndevu, mama. Kaka aliliona. Neno la kuuza alilitoa yeye, na aibu ingekuwa yake.

"Wa Isansa hao, bosi," kaka akasema taratibu. "Huwajui."

Mnunuzi akatutazama mmoja baada ya mwingine, mimi akanirudia mara mbili. Hatimaye akasema kuna fundi Tunduma atachonga mwingine. Wakaipakia, yeye na dereva wake.

Sasa ukweli. Jana kaka alipokwenda Mlowo, nilichukua msumeno wa baba nikaukata mguu ule wenye alama, nikauficha chini ya kitanda. Mtu mzima mwenye mvi.

Gari lilipopotea barabarani, kaka aliniuliza jambo moja tu: "Uko wapi?" Nikautoa. Akausimamisha sakafuni, akapiga magoti, akaweka kidole kwenye alama ya chini kabisa.

"Sekela," akasema.

Kisha akaniuliza siku ile ya kupimwa alivaa gauni la rangi gani. Sikukumbuka. Naye hakukumbuka. Tukakaa pale sakafuni, wazee wawili, tukikungoja wewe utuambie.

Lala salama, mama. Mguu tumeusimamisha kando ya mlango, alama zikitazama chumbani.

Mwanao wa katikati, mchwa wa Isansa.